Nilisema Jiwe Limetulia

Mimi ni mwoga, na kazi yangu ni kuvunja mawe. Wenzangu wa maabara wameshachoka kunicheka. Mashine yetu ya kubana mawe ina kioo kinene mbele na bamba la chuma kila upande, na hakuna kipande kilichowahi kumfikia mtu, lakini mzigo ukianza kupanda mimi hurudi nyuma hatua mbili na kuziba masikio. Msimamizi wangu wa masomo, mzee mpole anayevaa sweta hata mwezi wa kumi wakati Dodoma inaunguza, huniuliza kama nimesahau kwamba nimekuja chuoni kusikiliza.

Kusikiliza kwenyewe si kwa masikio haya. Tunachukua kipande cha mwamba kilichokatwa mviringo, ukubwa wake kama kopo la maziwa ya unga. Tunakibandika vihisio vidogo, kila kimoja kama kifuniko cha soda, tena tunavipaka grisi ili hewa isiingie kati yake na jiwe. Halafu tunakibana polepole. Jiwe likibanwa halikai kimya. Ndani yake nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho zinafunguka, na kila ufa ukifunguka jiwe linadata. Mdato huo ni mwembamba mno kwa sikio la mtu, lakini vihisio vinaudaka na kompyuta inauchora kama nukta kwenye skrini. Mwanzoni nukta huja moja moja. Zikianza kumiminika kwa wingi, ujue jiwe limebakiza muda mfupi, na mimi hapo nimeshafika mlangoni.

Mama yangu amegonga kokoto tangu nikiwa sijaanza shule. Kilima anachofanyia kazi kiko upande wa Chamwino, mwendo wa kutembea kutoka nyumbani, na kokoto za kilima hicho ndizo zilizonisomesha mpaka nikafika mahali pa kubana mawe kwa umeme. Lakini hakuwahi kuniruhusu kushika nyundo. Nikiwa darasa la nne niliichukua ile yake ndogo, nikagonga mara mbili, tatu. Alininyang'anya, akanizaba kofi, kisha akainua mikono yangu akaitazama kama kuna kitu kimevunjika. Akasema mikono hii ni ya kalamu. Sikuigusa tena nyundo yake, na sikujua kwa miaka mingi kwamba kuna kitu alikijua kwa nyundo ile ambacho mimi ningehitaji.

Kilima chenyewe ni mawe yaliyopandana, kama vilima vingine vya kwetu. Jiwe moja ni kubwa kuliko nyumba yetu. Limeegemea mawe mengine mawili, na chini yake kuna uvungu wa kutosha wanawake watano kukaa na ndoo zao. Mtu asiyejua jua la Dodoma hataelewa thamani ya uvungu ule. Mama na wenzake walikaa humo mwaka baada ya mwaka, miguu imenyooka, kila mmoja na kirundo chake, upepo ukipeperusha vumbi nje na wao ndani wakisimuliana habari za watu.

Na kila asubuhi, kabla ya mtu kuinama kuingia, mama aligonga. Aligonga kwa kisigino cha nyundo mahali patatu: upande wa kulia, katikati, na kule nyuma ambako jiwe linateremka kukutana na ardhi. Aligonga, akainamisha kichwa, akangoja. Jiwe zima huitika kwa sauti kali inayokwenda mbali. Jiwe lililoachana ndani huitika kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mama hakuwahi kunieleza hivyo; niliyasoma kitabuni nikiwa mkubwa na nikaona haya kwamba nilimwona akifanya hivyo mara mamia nikadhani ni mazoea tu, kama mtu anayekung'uta viatu kabla ya kuvivaa.

Mwaka jana mawe mazuri ya nje yakaanza kwisha. Granaiti haivunjiki kwa nyundo kirahisi. Lazima ulichome jiwe kwanza. Unawasha magogo na matairi chakavu juu yake au ubavuni mwake, unaliacha lishike moto sawasawa, na likishapoa kidogo linabanduka vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Wanawake walikuwa wanachoma mawe ya nje siku zote. Ndani ya uvungu hawakuwahi kuchoma. Sasa jirani yetu, ambaye mimi humwita mama mdogo na ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akasema ule ukuta wa nyuma wa uvungu ni mawe ya bure yanayowatazama tu. Wengine wakaogopa. Ndipo akamgeukia mama.

"Si una mtoto anayesikiliza mawe? Aje alisikilize hili."

Mama akanipigia simu jioni hiyo hiyo. Sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikukizoea, na nilichukua muda kutambua kwamba ni majivuno.

Niliomba kifaa cha kubeba mkononi. Msimamizi wangu alikubali, akanisainia fomu, kisha akavua miwani.

"Nenda ukapime," akasema. "Lakini usiwape jibu. Niletee data tuangalie wote."

"Sawa, mwalimu."

"Sikiliza. Usiwape jibu."

Nilimwitikia tena sawa, na wakati huo nilikuwa namaanisha.

Nilifika kilimani Jumamosi asubuhi. Wanawake walikuwa wamevaa khanga safi kana kwamba kuna kipaimara. Walikuwa wametandika mkeka. Nilisugua jiwe kwa msasa mahali panne, nikapaka grisi, nikabandika vihisio, nikaunganisha waya na kufungua kompyuta juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikawaambia wasitembee. Saa mbili nzima wanawake watano wasiojua kunyamaza walikaa kimya kwa ajili yangu. Mama alikaa pembeni yangu, mgongo umenyooka, akitazama skrini ambayo hakuweza kuisoma.

Zilitokea nukta mbili tu. Moja ilitokea mbuzi alipopita juu ya jiwe, na ya pili mama mdogo alipopiga chafya.

"Linasemaje?" mama akauliza.

Ningeweza kusema sijui bado. Ningeweza kusema mwalimu wangu ataangalia. Maneno hayo yalikuwa yamekaa mdomoni tayari. Lakini wote walikuwa wananitazama, mama hakuwa ananitazama mimi bali anawatazama wenzake wakinitazama, na nikataka kumpa kitu. Sina maelezo mengine. Nilitaka kumpa mama kitu mbele ya watu.

"Limetulia," nikasema.

Mama mdogo akapiga vigelegele. Nilikula ugali wa uwele na mlenda mpaka nikashindwa kuinama, nikafungiwa karanga za kubeba, nikarudi mjini nikijiona mtaalamu. Ile data niliihifadhi kwenye kompyuta, kwa sababu msimamizi wangu alikuwa amesafiri na angerudi Jumatatu ya wiki ya pili. Siku zote hizo sikuifungua hata mara moja.

Jumatatu ile msimamizi aliingia maabara na sweta lake, akaomba chai, akasema kabla ya kuona data ya kilimani angependa tubane vipande viwili nilivyokuwa nimevikata miezi ya nyuma kutoka kilima kile kile. Tukaweka cha kwanza. Tukakibana mpaka nusu ya nguvu zake, na nukta zikaja kama kawaida. Akaachia mzigo mpaka chini, kisha akaupandisha tena taratibu. Skrini ikabaki tupu. Mzigo ukapanda, kimya. Ukapanda tena, kimya.

"Mbona halilii?" akaniuliza, kwa ile sauti ya mtihani.

Nikajibu kwa ile sauti ya mwanafunzi anayejua. "Kwa sababu halijafika pale tulipolifikisha mwanzo. Jiwe lina kumbukumbu. Mzigo liliokwisha kuubeba haulilizi tena. Litaanza kulia tukiupita."

"Kwa hiyo kimya hiki kinakuambia jiwe ni zima?"

"Hapana. Kinaniambia tu kwamba hatujaliongezea mzigo."

Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, kwa ufasaha, na nikayasikia. Jiwe la mama limebeba uzito wake tangu kabla ya babu wa babu zetu. Asubuhi ile ya Jumamosi hakuna mtu aliyeliongezea chochote. Lingelia kwa nini? Nilikuwa nimekaa saa mbili kusikiliza jiwe ambalo hakuna mtu aliyekuwa amelisumbua, halafu nikatoa ruhusa ya kulisumbua.

Msimamizi hakuniona. Alikuwa anaweka kipande cha pili, ambacho kabla ya safari yake alikuwa amekipasha joto kali kwenye tanuru kisha akakiacha kipoe. Mzigo haujafika hata robo, nukta zikaanza kumiminika. Yeye akafurahi, akaipiga meza kwa kiganja.

"Umeona? Lililochomwa limesahau kila kitu. Nyufa mpya tele." Akanigeukia. "Haya, nionyeshe ya kilimani. Wale mama ulishawaambia chochote?"

"Niliwaambia limetulia."

Akaweka kikombe chini. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Wanachoma humo ndani?"

"Walikuwa wanataka kuchoma."

"Nenda," akasema. "Usifunge mashine. Nenda tu."

Simu ya mama iliita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena. Najua anakoiweka akiwa kazini: anaifunga kwenye khanga na kuitundika kwenye mwiba mbali na vumbi, ambako haisikiki. Ya mama mdogo ilikuwa imezimwa. Nikachukua bodaboda nje ya geti la chuo. Dereva alikuwa mtu mzima mwenye mvi kwenye ndevu, akaanza kunieleza habari za zabibu zake na jinsi mwaka huu ndege walivyozila. Nilimwambia aendeshe tu. Akauliza kama nimefiwa. Nikasema bado.

Neno hilo likanitoka hivyo hivyo, na baada ya hapo hakuuliza tena.

Nimeshaogopa mambo mengi. Naogopa mitihani, naogopa ng'ombe, naogopa kelele za mashine yangu mwenyewe. Woga wote huo unakaa kifuani na unapita. Huu ulikaa kwenye magoti. Nilikuwa nimekaa nyuma ya pikipiki na magoti yanamgonga dereva, na kila gari la kokoto lililotupita likielekea mjini niliutazama mzigo wake nikijiuliza kama ule umetoka kwetu, na umetoka leo, na kama aliyeugonga yuko hai. Nilifanya hesabu za kijinga. Nilijiambia kuwa leo ni Jumatatu na pengine hawajaanza kuchoma. Pengine matairi hayajapatikana. Pengine mama ana mafua. Nilimwombea mama yangu mafua njia nzima.

Tulipotoka kwenye lami nikauona moshi. Moshi wa matairi haufanani na moshi mwingine, ni mweusi na unapanda umenyooka kabla upepo haujauvunja. Ulikuwa unatoka usawa wa kilima chetu. Lakini ulikuwa mwembamba, umekwisha nguvu, na hilo lilikuwa baya kuliko moshi mzito. Moto ukiwa mkali hakuna anayeweza kuingia uvunguni. Moto ukizimika ndipo watu wanaingia kukokoa majivu na kubandua mawe.

Nilipanda kilima nikikimbia. Wanawake wanne walikuwa nje, wamekaa kwenye kivuli chembamba cha jiwe jingine, wanakula. Nikawapita bila kusalimia. Kwetu hilo ni jambo. Unaweza kuwa umebeba maiti, utasimama useme mbukwenyi.

"We mtoto!" mama mdogo akaniita. "Hata shikamoo?"

"Mama yuko wapi?"

Wakaonyesha kwa vidole vyenye ugali.

Alikuwa ndani kabisa, amechuchumaa kwenye ule ukuta wa nyuma, kitambaa puani, anavuta makaa kwa jembe. Hewa ya joto ilinipiga usoni nikiwa bado mlangoni. Ukuta ulikuwa umekuwa mweusi mpaka juu, na mahali palipobanduka palikuwa peupe, pabichi kama kidonda. Walikuwa wamekula ule mwamba urefu wa mkono mzima. Juu ya kichwa chake lilikuwa limekaa lile jiwe lote.

"Mama, toka."

Akageuka, akatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. "Umekuja! Mbona hukusema? Umekula?"

"Mama, toka nje. Toka sasa hivi."

"Ngoja nimalizie hapa."

"Mama, jiwe si zima."

Akaacha kuvuta makaa. Nyuma yangu nikawasikia wenzake wakiinuka na kusogea. Mama akawatazama wao kwanza, kisha mimi.

"Ulisema limetulia."

"Nilikosea."

"Mashine ilikosea?"

"Mimi, mama. Mashine haikusema hivyo. Nilisema mimi."

Akanisogelea kidogo, bado amechuchumaa, akashusha sauti. "Usiseme hivyo mbele za watu," akasema. "Utajiharibia. Nenda kakae pale nje, nitakuja, tutaongea nyumbani."

Sikuamini nilichokuwa nakisikia. Mama yangu alikuwa amekaa chini ya jiwe lile akinilinda mimi. Kutoka kwake mbio mbele ya wenzake kungekuwa kukubali kwamba elimu ya mwanawe ni ya kuokoteza, na hilo hakuwa tayari kulikubali, heri amalizie makaa yake taratibu kama mtu asiye na haraka. Akageuza mgongo. Akaendelea kuvuta.

Hapo katikati ya mvuto mmoja na mwingine, nikausikia mdato, tik. Niliusikia kwa masikio haya haya, bila kihisio wala grisi. Kisha kimya, kisha mwingine, juu kushoto.

"Mama, umesikia?"

"Hiyo? Ni moto tu. Linadata hivyo tangu juzi Jumamosi."

"Tangu Jumamosi? Umegonga asubuhi? Umeligonga jiwe?"

"Nigonge nini tena," akasema, bila kugeuka, "na wewe umeshapima?"

Nilikuwa nimemwondolea nyundo yake. Miaka yote ile alikuwa anauliza kabla ya kuingia, na nikaja mimi na waya zangu akaacha kuuliza. Sikuwa na hoja iliyobaki, na hata kama ningekuwa nayo, jiwe lisingengoja nimalize kueleza. Nikainama, nikaingia. Mimi ninayekimbia kioo kinene, niliingia kwa magoti juu ya majivu ya moto, nikakaa pembeni yake, nikakumbatia miguu yangu.

"Unafanya nini?"

"Nakaa. Ukitoka tutatoka."

Alinitazama mara moja. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini uso wake ulibadilika rangi chini ya masizi. Kwa ajili yake mwenyewe hakuogopa hata kidogo. Akatupa jembe, akanikamata mkono juu ya kiwiko kwa nguvu ile ile ya siku ya darasa la nne, akanikokota nje kama gunia, akinitukana kwa Kigogo matusi ambayo sikuwahi kujua kwamba anayajua. Hakusimama mpaka tulipofika chini ya kilima. Pale akaniachia, akakaa chini.

Jiwe halikuanguka.

Naliandika hilo kwa sababu watu wakisimulia hulipita. Halikuanguka mchana ule, wala jioni, wala Jumanne. Niliwasihi wasiingie, nikalala nyumbani, nikakaa pale kilimani kama mlinzi. Wanawake wakahamia upande wa nyuma ambako mawe ni mabaya na jua halina huruma. Mama mdogo alinipita na ndoo yake kichwani akasema, kwa kumwambia hewa, kwamba wasomi wana raha, leo wanasema hivi, kesho vile, nao hawaungui jua. Mama hakusema neno kwangu siku mbili. Alinipakulia chakula, akakaa mbali. Jumatano nilianza kujiona mjinga. Nilirudi chuoni na magoti yenye malengelenge, na moyoni, nikiri, nilianza kutamani jiwe lianguke. Kisha nikaogopa kwamba nimelitamani.

Alhamisi asubuhi mama alipiga simu. Hakusalimia.

"Limeshuka," akasema. "Njoo uone."

Si jiwe lote. Ubao mmoja, mkubwa kama milango miwili, ulikuwa umebanduka kutoka chini ya jiwe na kulala pale sakafuni mwa uvungu, bapa, kana kwamba mtu ameuweka. Ulianguka kati ya jioni na asubuhi na hakuna aliyeusikia. Pembeni yake kilichungulia kipande cha kigoda cha mama. Mpini wa lile jembe alilolitupa ulikuwa umevunjika mara tatu. Nilisimama pale nikaona ubao ule unatosha mtu na binti yake, na ungebaki na nafasi.

Baada ya hapo habari ikajitengeneza yenyewe. Kwanza kijijini, kisha njia ya Mvumi yote, nikawa binti aliyelisikia jiwe akiwa chuoni mjini, akaja mbio kumtoa mama yake. Mama mdogo ndiye aliyeisimulia vizuri kuliko wote, na kwenye simulizi yake yeye alikuwa upande wangu tangu mwanzo. Nilijaribu kuwaambia kwamba mimi ndiye niliyewaingiza. Walicheka, wakasema naona haya kusifiwa. Lile neno langu la kwanza walilisahau kabisa. Wazee wawili wa kilima kingine walinifuata mpaka chuoni, wamevaa makoti, wakaniomba niende nikaliambie jiwe lao liseme ukweli. Niliwakaribisha chai. Siku hizi mtu akiniamini haraka magoti yananikumbuka.

Mama hakushiriki simulizi ile. Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani, naye akaniambia twende kilimani. Kule upande wa nyuma wanawake walikuwa wamejenga kibanda cha mabua. Mama alinipitisha pale akanipeleka mpaka kwenye jiwe jipya wanalolitumia, refu, limeinama kidogo juu ya njia. Akachukua nyundo yake ndogo.

"Wao wamesahau," akasema. "Mimi sijasahau. Wiki nzima nilikaa chini ya neno lako."

Akanitia nyundo mkononi. Mpini wake ulikuwa laini kwa jasho la miaka, na mwepesi kuliko nilivyodhani.

"Gonga."

Nikagonga kulia, nikagonga katikati, nikagonga kule nyuma. Niliinamisha kichwa kama yeye. Nilisikia mlio, nikasikia upepo, nikasikia moyo wangu, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine.

"Linasemaje?" mama akauliza, kwa sauti ile ile ya Jumamosi ile.

Nilimtazama. Hapakuwa na mtu mwingine wa kututazama.

"Sijui, mama."

"Hilo," akasema, "ungeniambia siku ile."

Akanyoosha mkono, nikamrudishia nyundo yake, naye akasogea mbele yangu akaanza kugonga upya.